Karatasi ya Chifu

Jumanne, 8 Oktoba 1991
Zamu yangu ya maji tena. Beseni mbili kabla ya saa moja, kutoka bafu la bweni mpaka msituni nyuma ya maabara. Nimechelewa somo la kwanza na sketi imelowa. Kwenye orodha chama chetu cha miti kina wanachama arobaini. Wabeba maji ni sita.

Wekesa, mwenyekiti wetu, si mmoja wa hao sita. Ana maneno matamu na mikono mizito. Namsema, lakini namwamini. Akisimama kuongea, hata wavivu wanajiona watu.

Leo tumekuta vigingi vimepigwa katikati ya miti, vichwa vyekundu. Mzee wa bustani anasema wapimaji walikuja jana na gari la mheshimiwa fulani. Kila mtu anamjua. Hakuna anayemtaja.

Ijumaa, 11 Oktoba
Tangazo ubaoni: kiwanja "kisichotumika, chenye kichaka kitupu", kitatumika kwa maendeleo.

Kichaka kitupu! Mwaka wa tatu sasa daktari wa botania anatufundishia mle ndani. Nilisoma lile tangazo mara tatu, na kila mara hasira inapanda upya.

Kikao jioni. Wekesa anataka kuwaita waandishi wa habari. Mimi nasema tung'oe vigingi tupande miche kwenye mashimo yake. Tumekubaliana tufanye yote mawili. Mimi ni katibu, nimeandika.

Jumatano, 16 Oktoba
Tumepanda. Hatukumaliza mstari wa pili.

Askari walikuja na rungu na vitoa machozi. Nilikimbilia jikoni mwa bweni nikiwa na kiatu kimoja. Saa saba redioni: chuo kimefungwa mpaka itakapotangazwa tena, na saa kumi kila mtu awe ameondoka. Getini tulipewa fomu. Kuripoti kwa chifu wa nyumbani kila Jumatatu na Alhamisi. Bila barua ya chifu kuhusu tabia, hakuna kurudi.

Wekesa alipandishwa basi la kwao magharibi, shati limechanika. Alininyooshea kidole gumba.

Alhamisi, 17 Oktoba
Nyumbani Kathonzweni. Vumbi. Mama akanipakulia isyo, mahindi na maharagwe, akakaa kuniangalia nikila. Baba yuko kazini Mombasa. Atasikia kwa barua, na atakasirika kwa barua.

Jumatatu, 21 Oktoba
Nimeripoti. Kuanzia saa mbili mpaka saa sita kwenye benchi, kati ya wanaume wawili waliokamatwa na pombe ya kangara. Wakaniuliza mimi nimepika nini. Nikasema miti. Wakacheka, nami nikacheka.

Chifu ni mtu wa sauti ya chini. Nilitegemea mkali, na huyu ananiogopesha zaidi. Nikatia sahihi kwenye daftari lake jeusi. Akagonga droo ya meza.

"Karatasi yako ya kurudi iko hapa ndani. Lakini hiyo karatasi haiandikwi na mdomo, mwiitu, binti yangu. Inaandikwa na tabia."

Alhamisi, 24 Oktoba
Tabia yangu imepatiwa kazi.

DO, mkuu wa tarafa, anakuja mwezi ujao kwa siku ya kupanda miti. Chifu anataka nisimame niongee kama mtu wa chuo kikuu. "Si ni miti ulikuwa unapigania huko? Haya. Nimekupatia miti." Akacheka kwa furaha ya kweli. Sikuona kibaya.

Halafu akanipeleka nyuma ya ofisi. Miche ya mikalitusi, mistari kwa mistari, kila mmoja kwenye karatasi yake nyeusi ya nailoni. Yote itapandwa kuzunguka silanga. Bwawa letu moja, linalonywesha watu, punda na ng'ombe wa pande zote hizi.

Nikasema, pole pole, kwa heshima, kwamba huo mti ni mlevi wa maji. Labda upandwe shuleni, ama kando ya barabara. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema shule inataka mbao na nguzo za madarasa, na mkalitusi hukua haraka. Akasema shuleni hakuna maji ya kunyunyizia, silanga ina maji. Ana hoja, na hilo ndilo linaloniudhi. Si mjinga wala si mwizi. Anataka madarasa.

Nikajaribu tena. Akanitazama. "Ama unataka niandike ya kwamba hata huku umekuja kupinga serikali?"

Nikasema hapana, chifu.

Jumapili, 27 Oktoba
Kanisani mchungaji aliniombea kwa jina. Mtoto wetu Mutheu aliyepotezwa na siasa za mji. Mama akaangalia viatu vyake. Baada ya ibada wamama walinishika mikono mmoja mmoja. Hawa ndio waliouza kuku na mbaazi ili niende chuo. Hakuna msichana mwingine wa kanisa hili aliyefika huko.

Naogopa. Niandike waziwazi maana hapa hakuna wa kunisikia: naogopa kubaki. Naogopa kuwa yule aliyepelekwa akarudi.

Alhamisi, 31 Oktoba
Sahihi. Chifu ameuliza kama hotuba iko tayari. Nimesema ndiyo. Haiko.

Jumamosi, 2 Novemba
Silanga imebaki maji ya magotini, rangi ya chai. Punda wanaingia mpaka katikati.

Leo ilikuwa mwethya, kikundi cha kazi ya pamoja. Wanawake wote wa mlima huu na majembe yao, Mama mbele kwa sababu ndiye kiongozi wao, kuchimba mashimo ya miche kwa amri ya chifu. Nilichimba nao. Ardhi ngumu, jembe linaruka. Na nikiwa na jembe mkononi mdomo wangu huwa haufungi. Nikawaambia yote. Mizizi inavyokwenda mbali kutafuta maji. Majani yakianguka nyasi hazioti chini. Baada ya miaka michache mtakuwa mkichota tope hapa, na baadaye hata tope hakuna.

Mama Kanini, jirani yetu, akasema huku tunauita musanduku, na kumbe jina linafaa, ni sanduku la kutuzikia. Wakacheka kidogo. Halafu Mama, bila kuinua kichwa:

"Mutheu, nyamaza. Wewe unangoja karatasi."

Basi. Wote wakaendelea kuchimba mashimo yale yale kana kwamba sikusema neno. Nimerudi nyumbani na malengelenge na hasira. Kule chuoni tulikuwa sita, lakini sita walioweza kusema hapana. Hawa ni zaidi ya hamsini, na wote waoga.

Jumatano, 6 Novemba
Mvua. Ya kwanza. Mama alisimama nje mpaka leso ikalowa kabisa. Tumepanda mahindi na mbaazi kutwa nzima. Sikufikiria kitu kingine, asante Mungu.

Ijumaa, 8 Novemba
Niandike upesi kabla sijaanza kujitetea.

DO alifika saa tano. Kwaya, watoto wa shule, viti vya kanisa chini ya turubai. Mtu wa misitu aliyekuja naye akamtayarishia mche mmoja juu kabisa, karibu na lango la silanga, mahali pakavu pa kupigia picha. Akautoa karatasi, DO akaupanda, tukapiga makofi.

Kisha nikaitwa. Nilisema miti ni uhai. Nilisema miti huleta mvua. Nilisema tumshukuru chifu wetu kwa kuona mbali. Dakika nne. Sauti yangu haikutetemeka hata mara moja, na hilo ndilo linaloniuma. Wekesa angekuwepo angepata kichefuchefu. DO alinipa mkono wake, akasema vijana kama huyu ndio tunataka. Chifu aling'aa.

Nikiwa bado nahutubu, wanawake walikuwa wameshashuka kupanda. Nilipomaliza nikawafuata, nikapita kati ya mashimo.

Mama alikuwa amepiga magoti. Akachukua mche, akautia shimoni na karatasi yake, akafukia, akashindilia kwa kiganja. Nikadhani amesahau. Nikamtazama Mama Kanini. Na karatasi yake. Yule anayefuata, na karatasi. Mstari mzima wa mgongo wa silanga, mashimo mazuri, udongo umelainishwa vizuri, na kila mche umefungiwa ndani ya nailoni kama mtoto aliyebanwa blanketi asiweze kutoa mkono.

Hili ni kosa la kawaida huku. Watu hupewa miche na hawaelezwi, wanaipanda na karatasi, mizizi inajizungusha humo humo mpaka inakufa. Mtu wa misitu angeliona angetikisa kichwa tu kusema wanawake wa kijijini. Lakini hakushuka. Alikuwa na viatu vya mjini, na kulikuwa na tope.

Hawa wamepanda miche ya mipapai na michungwa tangu nikiwa mgongoni. Wanajua kutoa karatasi kuliko mimi.

Mama akainua macho akaniona nimesimama. Akachukua mche mwingine.

Na mimi, mtaalamu, nikapita.

Jumamosi, 9 Novemba
Nikamuuliza jikoni. Mwaitu, mbona hamkutoa karatasi? Aliendelea kupepeta maharagwe. Akasema hakuna aliyetuambia tuitoe. "Aliyesomea hiyo kazi ni wewe. Na wewe ulikuwa unahutubu."

Nimesoma tena nilichoandika tarehe mbili. Waoga. Sitalifuta. Nastahili kulisoma kila nikifungua daftari hili.

Alhamisi, 14 Novemba
Sahihi. Chifu ameshatuma ripoti wilayani: miche yote imepandwa na inaendelea vizuri. Alinisomea kwa sauti. Mimi ndiye mtaalamu aliyesimamia, jina langu limo. Karatasi yangu ataandika chuo kikitangazwa kufunguliwa. Alinipa na soda.

Mvua inanyesha vizuri. Mahindi yametoka.

Jumapili, 24 Novemba
Jana mvua ilinyesha kutwa. Korongo lote la juu liliteremka, silanga ikajaa mpaka ukingo, mara ya kwanza tangu nilipokuwa shule ya msingi. Asubuhi kanisa zima tulipita hapo tukienda ibada, kwa furaha ya kuona maji mengi hivyo.

Mikalitusi ilikuwa ikielea.

Haikuwa imeshika ardhi hata kidogo. Maji yamepanda mpaka kwenye mashimo, yakaing'oa, na sasa inazunguka polepole juu ya maji, karatasi nyeusi chini, majani matatu manne juu, kama bata. Mamia. Wanaume walianza kucheka, kisha wakaona nyuso za wake zao wakaacha. Ule wa DO umesimama pale juu langoni, peke yake, una afya sana.

Mama aliimba nyimbo zote za ibada kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Kesho ni Jumatatu.

Jumatatu, 25 Novemba
Mche ulikuwa juu ya meza yake, umelalishwa juu ya gazeti, unadondosha maji. Alinifungia mlango. Hajawahi.

Akaniuliza nani amefanya hii kitu. Kwa ile sauti ya chini. Mtu mmoja anaweza kusahau karatasi, akasema, si wamama hamsini. Mwethya ina mwenyewe. Akasema atamwita mama yangu leo leo, atavunja hicho kikundi, na atampeleka mbele ya DO ajieleze huko. Na mimi nikitaka karatasi yangu, ni neno moja tu: ni nani aliwaambia?

Droo ilikuwa wazi. Niliiona barua, imeshapigwa taipu, haijatiwa muhuri. Nimeitamani vile ambavyo sijawahi kutamani kitu.

Nikamwambia hakuna aliyewaambia. Hiyo ndiyo shida. Mimi ndiye niliyewekwa kuwaonyesha, na sikuwaambia watoe karatasi. Nilikuwa juu nahutubu. Kosa ni langu, aniandike mimi.

Kila neno lilikuwa kweli. Mama hawezi kusema nilidanganya.

Nilisikia watu wa kangara wakiongea nje.

"Wewe unasomea nini huko?"

"Botania. Mimea."

"Miaka mingapi?"

"Mitatu."

"Miaka mitatu, na hujui mti unatolewa karatasi?"

"Sikujua, chifu."

Akaangalia mche. Akaniangalia. Anajua. Naapa anajua. Lakini ripoti yake iko wilayani, na akimwita DO kuhusu mama yangu, itabidi amwonyeshe na silanga. Akafunga droo, akasema nitoke, na nimwachie huo uchafu wake mezani.

Jumanne, 26 Novemba
Nimemwambia Mama yote. Alisema "aĩ" tu. Baadaye akanipikia kuku, Jumanne, bila mgeni.

Jumamosi, 30 Novemba
Redio: chuo kitafunguliwa Januari. Kila mwanafunzi aje na barua ya chifu.

Sina. Siku nzima nimepalilia. Nikibaki nitapalilia mbaazi hizi mpaka nizeeke, na sitajuta, halafu mara moja kwa wiki nitajuta sana. Huo ndio ukweli wangu leo.

Alhamisi, 5 Desemba
Nimeripoti. Sikuuliza. Nilipomaliza sahihi akatoa bahasha, akasema funika kombe mwanaharamu apite, lakini yeye hawezi kutia muhuri juu ya uongo. Nisome hapo hapo mbele yake.

Barua ina mistari miwili. Tabia yake ni nzuri na ana heshima kwa wakubwa. Kuhusu miti, hajui chochote.

Chini yake muhuri mkubwa wa zambarau.

Nilitaka kulia, kicheko kikanitoka. Chifu naye mdomo ulimcheza upande mmoja. Akaniambia nimsalimie mama, na nimwambie miche mingine ikija itapandwa shuleni, hayo maji ya kunyunyizia yeye na mwethya yake watatafuta. Nimempelekea salamu. Mama anasema hilo lilikuwa jambo la kusemwa mwezi wa kumi.

Jumatatu, 13 Januari 1992
Chuoni. Foleni ya kurudishwa ilizunguka ukumbi mara mbili.

Watatu nyuma ya meza wakapokezana barua yangu. Mmoja akaisoma kwa sauti, wenzake wakacheka mpaka mmoja wao akavua miwani. Katibu wa chama cha miti! Wakanipigia muhuri. Yule wa miwani akasema, "Kama hujui chochote, mama, endelea hivyo hivyo kutojua. Utamaliza salama."

Wekesa hayumo. Binamu yake alinieleza foleni ikisonga. Chifu wao alimwandikia barua ndefu ya fahari: mtaalamu wa mazingira, kiongozi shupavu wa vijana, mtu wa kutegemewa na taifa. Wamemfukuza kwa ile barua. Mtu alimpenda akamharibia, na mimi mtu alinikejeli akaniokoa. Sijui niiweke wapi hii. Nimekaa kitandani na viatu vyangu miguuni nikiifikiria, na haikai.

Alhamisi, 16 Januari
Nimemwandikia Wekesa. Kurasa nne kuhusu mvua ya kwetu. La maana sikuliandika. Nikachana, nikaandika upya: ukurasa mmoja, la maana tu, zile barua mbili za machifu.

Msitu umezungushiwa mabati. Kati ya wale sita tumebaki wanne. Tunasalimiana kwa macho.

Jumatano, 22 Januari
Botania, saa nne. Mwanamume wa koti la kijivu ameketi nyuma tena, wiki ya pili sasa, hana kalamu. Si mwanafunzi, ni wa kusikiliza.

Daktari aliita majina, akafunga daftari, akabaki ameliwekea mkono. Akasema praktikali zetu hazitafanyika tena nyuma ya maabara, sote tunajua kwa nini. Akasema orodha ya miti ya mle, aliyoikusanya miaka kumi, imechukuliwa ofisini kwake pamoja na makaratasi mengine. Hakusema na nani. Akauliza, kama mtu anayeuliza saa, iwapo kuna yeyote anayekumbuka ni miti gani ilikuwepo.

Hakuna aliyetikisika. Niliangalia mikono yangu. Nilimfikiria yule wa miwani, na Mama akiuza mbaazi, na mwaka mmoja uliobaki. Nilifikiria vizuri, sitaki kuandika hapa kwamba sikufikiria.

Nikasimama. Nikaanza na mukuyu wa kona, nikaenda mstari kwa mstari, jinsi nilivyokuwa nikipita na maji. Jina la Kilatini, kisha la kienyeji nikilijua. Daktari aligeuka akaanza kuandika ubaoni. Baada ya mti wa tano au wa sita nikasikia madaftari yakifunguliwa nyuma yangu.

Katikati ya mstari wa tatu chaki ilimwishia. Msichana wa mbele akatoka kumtafutia nyingine, na sote tukamngoja.